Pikapu kutouzwa Marekani si ushahidi kwamba ni mbovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja inayorudiwa sana siku hizi, na ambayo nimeisoma tena katika ukurasa huu wa barua: kwamba pikapu tunazonunua huku, Hilux, Isuzu D-Max, Mitsubishi L200 na wenzake, ni magari yaliyokataliwa na Wamarekani kwa ubovu, na ndiyo maana hayauzwi kwao. Mimi ni fundi magari hapa Gungu, Kigoma, na pikapu ndizo zinazosomesha wanangu. Hoja hiyo si ya kweli. Tena inafunika jambo jingine ambalo ni la kweli na linatuua barabarani.

Maneno haya yana gharama. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa Kasulu, aliuza Hilux Vigo yake nzima kabisa kwa bei ya kutupa, kwa sababu kijana wake alimwambia gari hilo limepigwa marufuku Marekani. Akanunua gari la chini, la kifahari kidogo. Masika yalipokuja akawa analiacha kwa jirani na kwenda shambani kwa bodaboda. Nilisikitika sana, maana injini ya ile Vigo naijua, nimeishika kwa mikono yangu.

Ukweli wa Marekani ni huu, na ulianza na kuku. Baada ya Vita Kuu ya Pili wafugaji wa Marekani walianza kufuga kuku kwa wingi wa kiwandani, bei ikashuka, na kuku wa kugandishwa wakamiminika Ujerumani Magharibi. Mwaka 1962 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zikapandisha ushuru wa kuku hao ili wafugaji wao wasife njaa. Wamarekani wakapeleka malalamiko, na jopo la GATT, mkataba wa kimataifa wa biashara wa wakati ule, likakadiria kuwa biashara waliyopoteza ina thamani ya dola milioni 26. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson, ambaye hata wiki mbili hazikuwa zimetimia tangu aapishwe baada ya Kennedy kuuawa, alitia saini tangazo la kulipiza. Kuanzia Januari 1964 bidhaa nne zikapandishiwa ushuru: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori mepesi. Pikapu iko katika kundi hilo la mwisho, na ushuru wake ukawa asilimia 25.

Gari lililolengwa lilikuwa Volkswagen Kombi, lile la kubebea mizigo na lile lenye bodi wazi nyuma, ambayo Wajerumani walikuwa wanayauza vizuri kule. Chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, UAW, chini ya Walter Reuther, kilitaka yapunguzwe, na Johnson alikuwa anajiandaa kwa uchaguzi wa 1964. Basi kuku wakampa sababu. Lakini kwa kanuni za biashara za wakati ule ushuru haukuweza kuwekwa kwa Mjerumani peke yake. Uliwahusu wote, na Mjapani ambaye hakuwamo kabisa katika ugomvi wa kuku akaingia ndani yake. Ushuru wa zile bidhaa nyingine tatu ulikuja kuondolewa. Wa pikapu upo hadi leo, wakati gari dogo la abiria kwa miaka mingi lilitozwa asilimia 2.5 tu.

Nani anaweza kusema hapo kwamba pikapu ilikataliwa kwa ubovu? Pikapu ya dola 20,000 inaongezewa dola 5,000 bandarini kabla hata haijaoshwa. Haiwezi kushindana na iliyotengenezwa Michigan au Texas. Mwenye kiwanda akipiga hesabu hizo anaamua kutoipeleka.

Anayebisha aangalie jinsi wenye viwanda walivyohangaika kuukwepa ushuru huo. Kwanza waliingiza chasisi na kebini bila bodi ya nyuma, wakalipa asilimia 4, halafu bodi ikafungwa California. Mlango huo ulifungwa mwaka 1980. Subaru walipopeleka kipikapu chao cha BRAT mwaka 1978, walifunga viti viwili vya plastiki kule nyuma kwenye mizigo, vinatazama barabara inakotoka, ili gari lihesabiwe la abiria. Kampuni ya Kimarekani yenyewe, Ford, ilikuwa inatengeneza vani za Transit Connect Uturuki, inazishusha Marekani zikiwa na viti vya nyuma, kisha viti vinang'olewa na vani zinauzwa kama za mizigo. Kesi hiyo ilikwisha mwaka 2024 kwa Ford kukubali kulipa dola milioni 365. Watu hawahangaiki namna hiyo kwa ajili ya gari ambalo wanunuzi hawalitaki.

Na Hilux ilikuwepo Marekani. Iliuzwa huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, baadaye ikiitwa pikapu ya Toyota tu. Mwaka 1995 Toyota wakaleta Tacoma mahali pake, gari lililoundwa kwa ajili ya soko la kule na kuanza kutengenezwa California. Siku hizi Tacoma inatoka Mexico, ambayo tangu NAFTA, mkataba wa biashara wa Marekani, Kanada na Mexico wa 1994, ilipata njia ya kupeleka magari Marekani bila ule ushuru wa kuku. Tacoma ina usukani wa kushoto tu, na haiuzwi kwetu. Je, na sisi tuseme tumeikataa kwa ubovu? F-150 ya Ford, ambayo familia yake inaongoza kwa mauzo ya malori kule tangu mwaka 1977, nayo hatuioni Kigoma: pana mno kwa njia zetu, ya petroli, usukani upande usiotufaa. Mambo ni hayo tu.

Hata Japan kwenyewe Hilux haikuuzwa kuanzia 2004 hadi 2017. Wajapani wa mjini hawakuwa na haja nayo, na iliporudi ililetwa kutoka Thailand, kwa sababu huko ndiko zinakotengenezwa. Hili naomba wasomaji walishike kwa faida ya mifuko yao. Ukionyeshwa Hilux ya 2009 au 2012 na dalali anaapa kwamba ilikuwa inatembea Tokyo, mwombe kibati cha chasisi ukisome. Karibu hakika ilianza maisha Thailand, Uingereza au Afrika Kusini. Ya Uingereza uilalie chini uitazame chasisi kwa tochi, maana kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na kutu huanzia mahali ambapo rangi mpya haifiki. Nimeona chasisi ambayo bisibisi inapenya.

Nasi Tanzania tunatoza pikapu ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 juu yake. Sijasikia mtu akisema pikapu ni mbovu kwa sababu TRA inatoza.

Sasa nije kwenye jambo lililofunikwa. Kuna magari yasiyouzwa Marekani wala Ulaya kwa sababu nyingine, ya viwango. Huku Kigoma tunayaona kila siku. Land Cruiser za mkonga zinazopanda Nyarugusu na Nduta kwenye kambi za wakimbizi nyingi zina injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, haina tabo, haina kompyuta, imekuwepo tangu mwaka 1990. Naipenda injini hiyo. Ikigoma njia ya Kalya, fundi mwenye spana na akili ataiwasha. Lakini haiwezi kufaulu sheria za moshi za Marekani au za Ulaya, na sitadanganya kwamba moshi wake ni safi. Injini za kisasa zinazofaulu zinahitaji dizeli safi sana. Marekani dizeli ya magari ina salfa isiyozidi sehemu 15 katika milioni, na chujio la moshi kwenye ekzosi huziba upesi ukilitilia dizeli chafu ya kwenye madumu. Kwa hiyo mtengenezaji anayetuletea injini ya zamani hatudharau. Ameangalia mafuta yetu na barabara zetu.

Moshi nauelewa, basi. Ninachokataa ni kuokoa fedha kwenye mwili wa kebini.

Mwaka 2018 shirika la Global NCAP, linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, pamoja na chama cha wenye magari cha Afrika Kusini, walinunua Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa inatengenezwa Rosslyn kwa soko la Afrika, wakaigongesha. Ilipata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Tena ilikuwa na mifuko miwili ya hewa! Mifuko ilifunguka lakini kebini yenyewe ilikunjamana, na mfuko wa hewa hauwezi kumsaidia dereva kama usukani na dashibodi vinamfuata alipokaa. Mwaka uliofuata wakafanya jaribio jingine ambalo ningependa kila mnunuzi wa gari alione. Hardbody mpya ya Afrika iligonganishwa uso kwa uso na Navara ya mwaka 2015 iliyonunuliwa imetumika Ulaya. Kampuni ni ile ile. Vipimo vilionyesha dereva wa Hardbody mpya angekufa, na wa Navara ile iliyotumika huenda angeshuka na kuondoka kwa miguu yake.

Hardbody tumezitengeneza sana hapa Kigoma. Ni gari gumu kwa kazi: difu haisumbui, springi zinabeba dagaa wa Kibirizi hadi unajiuliza zimetengenezwa na nini. Mwaka 2021 waliacha kuizalisha, lakini zilizopo zitatembea miaka mingi bado. Na lilikuwa gari halali kabisa kuuzwa kwetu. Hapo ndipo roho inaponiuma. Ulaya lisingepita, kwetu lilipita kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Hii ndiyo tofauti ambayo yule msomaji ameichanganya. Ushuru wa kuku unalinda viwanda na kura. Jaribio la kugongesha gari linalinda kifua cha dereva. Ukiyaweka yote mawili katika kapu moja la "magari yaliyokataliwa na wazungu", mtu mmoja ataliogopa gari zuri bure, na mwingine atasema haya yote ni chuki za wazungu na kupakia familia katika gari ambalo kweli lina hatari. Nimewasikia wote wawili gereji kwangu, mchana mmoja.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu pikapu hubeba watu. Siku ya mnada utaziona zinatoka vijijini na akina mama wamekaa juu ya magunia ya maharage na madumu ya mawese, watoto mapajani. Hakuna mkanda wala mfuko wa hewa unaowahusu hao. Tangu lami ifike njia ya Kasulu mwendo umeongezeka, madereva wanakanyaga, na breki zinazotegemewa ni za gari lililopakiwa kupita uwezo wake. Katika hali hiyo mfumo wa ABS, unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki, na ule wa kuzuia gari lisiserereke ni uhai. Vyote viwili hugharimu fedha, na kwa matoleo ya bei nafuu ndivyo vinavyoachwa kwanza. Mnunuzi haambiwi. Anaonyeshwa rimu na redio.

Nimewahi kuletewa pikapu mpya kwa ajili ya kufungiwa bampa la chuma. Mwenye gari, kijana mfanyabiashara wa Mwanga, alikuwa na hakika ina mifuko ya hewa sita kwa sababu aliona hivyo kwenye mtandao. Picha alizoona zilikuwa za gari la Ulaya lenye jina hilo hilo. Lake lilikuwa na mmoja, wa dereva. Aliyemuuzia hakusema uongo, maana hakuulizwa. Na kijana hakujua kwamba jina moja linaweza kubeba magari mawili tofauti.

Kwa hiyo ombi langu kwa Shirika la Viwango, TBS, na kwa wizara inayohusika ni dogo na halihitaji fedha nyingi. Wakala anayeuza pikapu mpya nchini alazimishwe kuandika kwenye ankara, kwa Kiswahili, gari lina mifuko ya hewa mingapi na iko wapi, lina ABS au halina, lina mfumo wa kuzuia kuserereka au halina. Na katika chumba cha maonyesho itundikwe karatasi yenye matokeo ya jaribio la kugongesha toleo linalouzwa Tanzania, si lile la Ulaya. Kama toleo letu halijawahi kupimwa, basi iandikwe hivyo kwa herufi kubwa, mnunuzi asome kabla ya kutoa fedha.

Ni mimi,
Fundi magari,
Gungu, Kigoma.