Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ufunguzi wa Onesho la Kura kwa Wanawake

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu, habari za asubuhi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa dhati kwa kufika wewe mwenyewe. Wapo walioalikwa kabla yako wakatuma salamu.

Historia tutaipitia kwa haraka. New Zealand ilitangulia kuwapa wanawake kura mwaka 1893. Ulaya, Finland ilianza 1906, na mwaka uliofuata wanawake 19 wakaingia bungeni. Uingereza, Emmeline Pankhurst na wenzake walianzisha chama chao cha kudai kura Manchester mwaka 1903. Sheria ilipatikana Februari 1918, tena kwa masharti: mwanamke awe na miaka 30 na yeye au mumewe awe na makazi ya thamani fulani, ilhali mwanamume alitosha na miaka 21. Usawa ulikuja 1928. Kenya, wanawake wa Kizungu walipewa kura mwaka 1919. Wanawake wa Kiafrika wa hukohuko walisubiri miongo mingine.

Sura ya ahadi ndiyo tuliyoisoma kwa makini zaidi. Mwaka 1910 muswada wa kuwapa kura baadhi ya wanawake wa Uingereza ulishinda bungeni kwa tofauti ya kura zaidi ya 100, lakini serikali ya Waziri Mkuu Asquith haikuutengea muda wa kuendelea. Mwaka 1911 ukashinda tena, kura 255 kwa 88. Asquith akaja na ahadi mpya: atatunga muswada mwingine wa kupanua kura za wanaume, na wanawake wataingizwa humo kwa marekebisho. Machi 1912 ule wa awali ukaanguka kwa kura 14. Januari 1913 Spika akasema marekebisho hayo yangebadilisha muswada mzima, basi nao ukaondolewa. Hivyo ndivyo ahadi inavyokufa bila mtu kusema hapana. Tunasimulia haya kama historia tu.

Kuhusu mafanikio, onesho hili ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanyika katika kata hii, na tunaamini hata nje ya kata. Tumetengeneza nakala ya ombi la kura la wanawake wa New Zealand. Lile la asili ni karatasi 546 zilizogundishwa, urefu wa mita 270, likazungushiwa kipande cha mpini wa ufagio. Mbunge Sir John Hall alilikunjua katikati ya bunge mpaka mpini ukagonga ukuta wa mwisho. Letu ni moja ya kumi: karatasi 54, mita 27, na ufagio ni wa jikoni. Tumeshona pia mikanda ya zambarau, nyeupe na kijani, rangi za chama cha akina Pankhurst tangu 1908: heshima, usafi na matumaini.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tuje kwenye paa.

Chumba cha onesho kinavuja sehemu saba. Gundi yetu ni uji wa ngano, kwa hiyo unyevu ukiingia maungio yanaachia, na yasipoachia mende wanayala. Masika iliyopita karatasi 11 zilibanduka. Mkanda mmoja umelowa, zambarau imechuruzika juu ya nyeupe, na mgeni asiyejua ataudhani wa chama kingine. Kuziba kwa lami tumejaribu: jua la Januari linaiyeyusha, kisha inapasuka. Tatizo ni matundu ya misumari yaliyopanuka kwa kutu, na kenchi mbili zimeliwa na mchwa kiasi kwamba fundi amekataa kupanda.

Mahitaji ni haya: mabati 36 ya geji 28, kenchi mbili mpya zilizopakwa dawa ya mchwa, kilo 8 za misumari ya bati, kofia za paa, na kabati moja la vioo lenye kufuli. Mchanga, maji na vibarua ni juu ya wazazi, wameshajiandikisha.

Paa hili limeahidiwa katika mahafali matatu mfululizo. Ahadi ya kwanza ilipigiwa makofi, ya pili vigelegele, ya tatu ikaitiwa mpiga picha. Mwaka jana tulipokumbusha, tuliletewa mipira miwili. Timu inashukuru sana.

Hatuombi mabati yote kwa mkupuo. Hata 12 ya upande wa kusini, inakotoka mvua, yatalinda ombi na mikanda. Tunachoomba ni yawe na tarehe.

Ndugu Mgeni Rasmi, kitabu cha wageni kipo mezani. Safu ya nne imeandikwa "Ahadi", ya tano "Tarehe ya kutekeleza". Tunaomba kwa heshima zote ujaze zote mbili. Na kwa kuwa wingu limeanza kutanda upande wa mlimani, tunashauri onesho likaguliwe kabla ya chakula. Ndoo iliyopo mlangoni ni ya maji ya paa. Tafadhali uipite kwa kulia.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya Historia