Barua kwa shoga yangu aliyekabidhiwa wodi

Mkinga, Tanga
Jumatatu usiku

Shoga yangu Mama Salma,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, watoto wazima, masika yamepungua na upepo wa kusi umeshika. Wenye ngalawa wananung'unika, sisi wa mwani tunashukuru Mungu kwa maji kupoa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hadi pale ulipokatika. Nimeona nikuandikie, maana mambo haya hayafai kusemwa kwa simu huku mtu anahesabu salio.

Kwanza hongera. Muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi si cheo cha kuokota njiani. Pili, niruhusu nikucheke kidogo. Unaniuliza nimewezaje kukaa na wanawake wote hawa wa kikundi chetu cha mwani miaka yote hii bila wao kugombana. Nani kakwambia hawagombani? Ungekuja bamvua iliyopita, maji yalipokupwa sana, ungewakuta wawili wanapayukiana katikati ya maji, khanga zimelowa hadi kiunoni, kisa mmoja kasogeza kigingi cha mwenzake. Walipomaliza walitoka pamoja, wamelishika gunia moja huku na huku. Mimi kikundi kinachonitia hofu ni kile kilichotulia tuli.

Tuliwahi kuwa hivyo. Kabla sijashika uenyekiti tulikuwa na kiongozi mchapakazi kweli, wa kwanza kushuka majini na wa mwisho kutoka, lakini ulimi wake ulikuwa wembe. Ukimpelekea habari mbaya, unarudi nayo wewe ndiye mwenye makosa. Sasa msimu mmoja wa joto, ncha za mwani zikaanza kugeuka nyeupe kwenye kamba za mwenzetu mmoja mtu mzima. Wewe hujalima, nikueleze. Mwani wa kotonii ndio wenye bei, lakini haupendi maji ya moto. Ukishikwa na joto, ncha zinapauka, tawi linalainika, linakatika, mkondo unaondoka nalo. Ukiwahi unavuna hata kama haujatimiza wiki 6, unaanika, unauza pungufu, lakini unauza. Ukichelewa huna kitu.

Yule mama aliona. Akanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu siku chache nyuma mwenzake alisema mwani wake unadondoka, akajibiwa mbele ya watu kwamba ni mvivu na hajui kufunga mwani kwenye kamba. Jirani yake wa shambani naye akaona, naye kimya. Bamvua iliyofuata tukashuka, na shamba zima lilikuwa vigingi na kamba. Nilikamata kamba moja nikaitazama: vikamba vidogo vyote vipo, vimekazwa fundo kwa fundo, vizuri kabisa, na ndani ya kila fundo hamna kitu. Hapakuwa na mvivu pale. Watu walijua kufunga. Habari ilikuwepo tangu mapema, ila haikuwa na njia ya kumfikia aliyeweza kusema "leo tunavuna".

Ndiyo maana ukiniuliza kazi ya kiongozi ni nini, nitakwambia ni hiyo: habari mbaya ikufikie ikiwa bado mbichi. Mengine yote unaweza kumwachia mtu.

Binti yangu anasoma utawala Mzumbe, na likizo iliyopita alinisimulia jambo nikasema hili ni la Mama Salma. Miaka ya 1990 mwanamke mmoja Mmarekani, Amy Edmondson, alikuwa akisomea uzamivu pale Harvard, akaingia kwenye utafiti wa makosa ya utoaji dawa hospitalini. Yeye alichukua upande wa timu za wauguzi: zipi zinaelewana, zipi zina msimamizi mzuri. Alitegemea kwamba timu nzuri zitakuwa na makosa machache. Hesabu zikaja kinyume. Wodi zenye uongozi mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Ungedhani wema unawaharibu watu! Alipochimba akaona kwamba huenda hawakosei zaidi, wanasema zaidi. Kule kwingine kosa linafichwa, anajua aliyelifanya na labda rafiki yake. Alichapisha hayo mwaka 1996, na baada yake wengi wamefuata njia hiyohiyo, viwandani hata maofisini.

Sasa lilete kwenye wodi yako. Ukifungua daftari la matukio ukakuta miezi inapita kurasa nyeupe, usifurahi. Wodi ya wazazi yenye zamu tatu na vitanda vimejaa, halafu hakuna hata dawa moja iliyochelewa? Hapo ujue hawaandiki. Na ukifanikiwa, miezi ya kwanza daftari litajaa. Mganga mfawidhi atakuja juu, "sista, tangu uingie wewe mambo yameharibika." Kwa hiyo nenda kwake mapema, kabla hajaona namba yoyote, mwambie: namba zitapanda kwanza, na sababu ni hii. Hilo usilisahau kuliko yote niliyoandika. Viongozi wengi wapya wanaangushwa na aliye juu yao aliyeshtuka kwa kuwa hakuandaliwa.

Halafu mtazame yule wa kwanza. Siku moja binti mdogo wa zamu atakuja akwambie, "Dada, yule mama wa kitanda cha 4 sikumpima presha saa niliyotakiwa." Siku hiyo wodi nzima itakuwa inakutazama usoni, hata walio mwisho wa ukumbi wanajifanya kukunja mashuka. Ukikunja uso tu, umewafunga wote midomo. Mwambie ahsante, mwende pamoja kwa mgonjwa, mpimeni. Baadaye, mkiwa mmekaa, ndipo uulize ilikuwaje. Uliza "ilikuwaje", usianze na "nani". Mara nyingi utakuta alikuwa peke yake na mama wawili wamefika wakati mmoja, jambo ambalo yeye hana uwezo wa kulirekebisha, ila wewe unao.

Lakini usinielewe kwamba nahubiri upole. Kuna kukosea na kuna kudhulumu. Sisi hapa mtu alichanganya mchanga kwenye gunia la mwani mkavu ili uzito uongezeke. Mnunuzi alipokung'uta mbele yetu tuliona aibu hadi miguuni. Hatukuitisha vikao vya suluhu. Siku ileile alirudisha fedha, na msimu ule hakushuka na sisi. Kwako itakuwa ni anayemtukana mama mwenye uchungu, au anayeuza kilichoandikwa bure. Hapo kata haraka. Ukisubiri subiri kwa huruma, wale waadilifu wanaanza kukata tamaa kimyakimya, wanakuja kazini mwili tu.

Kuhusu vikao: umesema unataka kuanza kwa kikao kikubwa cha kuweka taratibu. Mimi nakushauri usifanye hivyo. Kwanza ingia zamu ya usiku pamoja nao, ushike kazi, uone glavu zinaisha saa ngapi na nani anamfuata nani mambo yakikaza. Ukija kuitisha kikao, wewe sema mwisho. Huku kwetu mwenyekiti akishatamka neno, kikao kimekwisha, wengine watakuwa wanaitikia tu. Sisi tukitoka majini tunakaa chini ya mkwaju, chai inachemka, na anaanza aliye mdogo. Mwanzoni walikuwa wanachora chini kwa vidole, hakuna anayenyanyua kichwa. Kilichowafungua ni kubadili swali. Ukiuliza "kuna mwenye la kusema?" unapata ukimya. Nilianza kuuliza "leo ni kitu gani kimekuchelewesha?" Kila mtu analo jibu la hilo, na halimchongei mwenzake. Jaribu wakati wa kukabidhiana zamu. Na muulize pia yule mama anayepiga deki. Yeye anajua nani hajala tangu jana na nani alilia usiku kucha, mambo ambayo faili halina.

Na umwite kwa jina. Usione ni jambo dogo. Unaijua ile orodha ya kuhakiki usalama wakati wa upasuaji, ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008. Walipoijaribu kwenye hospitali za miji minane duniani, mmoja ulikuwa Ifakara yetu hii, na matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwenye orodha hiyo, kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Mengi mle yana uzito, dawa za kuzuia maambukizi na kadhalika, siwezi kudai ni majina yaliyookoa watu. Ila mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya daktari ni rahisi zaidi kufungua mdomo tena akiona kitambaa kimesahaulika ndani ya mgonjwa.

Kazi za "wote" zifute. Binti yangu ananiambia kuna mhandisi wa kilimo Mfaransa, Ringelmann, aliyechapisha mwaka 1913 habari za watu kuvuta kamba: wanavyoongezeka, ndivyo kila mmoja anavyovuta kidogo, na wakifika 8 kila mtu anatoa chini ya nusu ya nguvu zake. Nikamwambia huyo Mfaransa angekuja tu hapa Mkinga, asingehitaji kupima. Ndiyo maana kila mwanamke kamba zake tumezifunga kitambaa cha rangi yake. Kwako, mtungi wa oksijeni na trei ya dharura viwe na jina la mtu kila zamu, limeandikwa ubaoni. "Tuangalie oksijeni jamani" maana yake hakuna atakayeangalia.

Sasa nifike kwenye sumu yenyewe, ambayo nadhani ndiyo iliyokufanya ulie kwenye simu ingawa hukuitaja. Semina. Nani anakwenda semina yenye posho, nani anabaki kulaza na kuamsha. Pamoja na hiyo, nani analala kazini sikukuu. Timu nyingi za serikali hazivunjwi na kazi, zinavunjwa na orodha iliyoandikwa chumbani. Sisi kikoba chetu kina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na wote ni waaminifu. Fedha inahesabiwa mkekani, kila mtu anaona noti inavyokwenda, na anayedaiwa anasomwa kwa sauti. Hapo umbea unakosa chakula. Na wewe bandika ukutani: nani amekwenda semina lini, nani zamu yake inafuata, nani alilala Idi na nani Krismasi. Na jina lako liwemo humo. Ukijipendelea mara moja tu, karatasi hiyo haitaaminiwa tena, hata uipige mihuri.

Usiruhusu mtu akuletee maneno ya mwenzake pembeni. Akija, mwambie "twende tukamsikie naye". Atapunguza.

Misiba na uzazi wa wafanyakazi wako nenda mwenyewe, usitume bahasha. Hilo huwezi kukulia huku Tanga usilijue, sina haja ya kurefusha.

Umeuliza pia kama uwaundie kikundi cha akiba ili "wawe kitu kimoja". Taratibu, mwenzangu. Nimeona vikundi vinaandikishwa kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mkopo ni mzuri, nasi tumeutumia. Lakini waliokutana kwa ajili ya fedha tu, fedha zikigawanywa wanapita njia tofauti sokoni. Acha kwanza waaminiane kwenye zamu. Wakitaka kikoba watakuja wenyewe na jina lake wameshalichagua.

Na wewe ulale. Mfawidhi asiyelala anakuwa mkali bila sababu, na tumeshaona ukali unafanya nini. Chagua mmoja mwenye akili, mwachie wodi siku nzima, zima simu. Akikosea kitu kidogo, kiache kama kilivyo, usimsahihishe mbele za watu ukirudi.

Jumamosi nakuja mjini kununua kamba, nitapanda gari za Horohoro za asubuhi. Nikimaliza dukani nitapita kwako Ngamiani kabla ya adhuhuri. Niwekee hiyo ratiba yako ya zamu niitazame, maana nina wasiwasi umejipangia usiku mwingi mno. Nitakuja na mwani mkavu kidogo wa kutengenezea sabuni, Salma aliniomba. Mwambie atafute mafuta ya nazi, asinunue yale ya chupa ya dukani.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Mama Rehema