Kubofya si kujifunza

Mhariri,

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, kwa watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Tunatumia vishikwambi, na kila Ijumaa programu hutoa ripoti: nani ameingia, kwa dakika ngapi, amebofya mara ngapi. Ripoti hiyo ndiyo inayoitwa ushiriki. Lakini binti anayeongoza kwa kubofya hajawahi kuniuliza swali hata moja, na hilo linaniumiza.

Mwaka 2004, watafiti wa elimu Fredricks, Blumenfeld na Paris waligawa ushiriki wa mwanafunzi katika sehemu tatu: matendo, hisia na fikra. Kishikwambi huhesabu matendo tu, tena ya kidole. Naiomba Wizara ya Elimu itutengee muda wa kuwasikiliza wanafunzi wakizungumza wawili wawili, tuandike wanachouliza na wanapokwama.

Mwalimu,
Morogoro