Manati ya ndege

Mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, Zuhura tu ndiye bado ana kile kikohozi, ila anaendelea vizuri.

Najua nimekaa kimya miezi mitatu. Ni kwa lile neno lako la mwisho. Nilipotaja manati ya ndege ulidhani nasema watoto na njiwa. Nilipokufafanulia kuwa ni mtambo wa kuisukuma ndege kwenye reli fupi mpaka ipae, ukasema hicho ni kifaa cha vita, raia kinamhusu nini. Neno hilo limenikaa kooni, na sikutaka kukujibu juu juu.

Hamisi, manati ilibeba barua! Julai 1929 meli ya abiria Bremen, katika safari yake ya kwanza kwenda New York, ilirusha ndege ndogo ya Heinkel kutoka sitahani, na barua zikatangulia kufika kabla ya meli. Wafaransa walishalifanya hilo mwaka uliotangulia kwenye meli yao Île de France. Lakini kinachoninyima usingizi ni Lufthansa, shirika la ndege la Wajerumani. Februari 1934 walianza kuvusha barua Atlantiki ya Kusini, kutoka Bathurst, yaani Banjul ya leo, hadi Natal kule Brazili, kama kilomita 3,000. Ndege yao, Dornier Wal, aina ya kutua majini, isingefika kwa mkupuo mmoja na mzigo wake, basi wakaiweka meli Westfalen katikati ya bahari. Hebu ione: ndege inatua majini, meli inaburuta turubai kubwa nyuma yake, ndege inalipanda kwa nguvu za injini zake, kreni inainyanyua ikichuruzika maji. Inajazwa mafuta. Kisha hewa iliyoshindiliwa inaisukuma kwenye reli, na hiyo, imeshapaa! Imejaa mafuta vile, majini isingeng'oka. Maji hulishika tumbo la ndege nzito kama tope linavyoshika kiatu.

Utaniuliza mbona sisi abiria haturushwi hivyo. Manati za meli za kivita huifikisha ndege kilomita 250 hivi kwa saa ndani ya sekunde mbili tatu. Rubani wa jeshi amefungwa barabara kitini. Sasa mfikirie mama aliyepakata mtoto. Halafu ndege lazima itue, kwa hiyo njia ndefu utaijenga tu. Na rubani akiona hitilafu katikati ya mbio hufunga breki. Manati ikishafyatuka, breki ya nini? Airbus, wale watengeneza ndege, walitoa wazo la kuzisukuma ndege za abiria zinapopaa, mwaka 2012. Silidharau, ila hilo la kutua bado linanisumbua.

Mzigo ndio hasa wa manati. Rwanda, tangu 2016, ndege zisizo na rubani hurushwa kwa manati kupeleka damu hospitalini. Boksi hushuka kwa parachuti, na ndege ikirudi hunaswa mkiani kwa kamba. Mgonjwa anayevuja damu akaipata kwa wakati, nawe unaniambia vita?

Sasa nina ombi. Ile albamu ya stempu ya marehemu babu yako, fungua kurasa za miaka ya 1930 unitazamie bahasha yoyote ya Kijerumani yenye muhuri wa manati. Mwalimu Saidi alishairudisha? Au mliigawa? Ukiikuta bahasha, usiibandue stempu, tafadhali. Je, nikija mwenyewe kuitazama utakuwepo? Na mguu wa mama umepona?

Wako,
Idi