Barua kwa vijana wa alizeti, Kongwa na Mpwapwa, kuhusu faida ya vita

Wajukuu zangu,

Kwenye mashine za kukamua mnasema vita vya Ukraine vimemfaa mkulima wa alizeti. Naomba tuipige hesabu hiyo upya.

Ni kweli Ukraine iliongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, na bandari zake za Bahari Nyeusi zilifungwa baada ya Urusi kuivamia 24 Februari 2022. Lakini bei ya dunia ilifika kileleni Machi, alizeti yenu ingali shambani inachanua. Aliyefaidi ni mwenye mzigo stoo. Mlipovuna, bei ilikuwa imeanza kushuka, na Julai yakafikiwa makubaliano ya kuruhusu meli zenye mizigo ya Ukraine zipite tena.

Dizeli nayo, iliyopanda bei kwa vita hivyohivyo? Trekta inaitaka, lori linaitaka. Juni mwaka huohuo Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya bei ya petroli na dizeli, na hiyo ni kodi yenu. Najua wengi hamweki mbolea kwenye alizeti, ila mahindi mnayonunua soko la Kibaigwa mvua zikikata, mengi yamelimwa kwa mbolea. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na Urusi ni muuzaji mkubwa wa vyote viwili, basi vita vikaipandisha bei nayo.

Hayo ni yetu sisi tulio mbali. Wanaozika watoto wao hawamo kabisa katika hesabu yenu, na hilo ndilo linaloniuma.

Wala sisemi kila vita ni hasara tupu. Aliyevamiwa lazima ahesabu pia gharama ya kutopigana. Sisi tulivamiwa Kagera na Uganda ya Idi Amin mwaka 1978. Ardhi ikarudi, na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Sababu tulikuwa nayo. Hata hivyo Mwalimu Nyerere aliomba miezi 18 ya kufunga mikanda, na foleni za sukari na sabuni zikaendelea miaka kadhaa baada ya hapo. Uganda yenyewe iliingia vita vingine hadi 1986. Kwa hiyo msifunge daftari siku ya ushindi.

Tena jihadharini na hoja hii: "Tukiacha sasa, waliokufa watakuwa wamekufa bure." Hoja hiyo haina mwisho, maana kila maiti mpya huiongezea nguvu. Waliokufa hawarudi, vita viendelee au visimame. Ulizeni miezi sita ijayo itagharimu watu wangapi, nani atakayelipa, na italeta nini ambacho mazungumzo ya leo hayawezi kuleta.