Hesabu mikanda kwanza, Mama Nuru

Kimara, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Nuru,

Huku hatujambo, ila joto linatuadhibu. Ujumbe wako wa sauti kuhusu gari mnalotaka kununua nimeusikiliza mara mbili, na nimecheka pale shemeji aliposikika kwa nyuma, "Mwambie Noah ni gari la abiria!" Mwambie nimesikia. Na hajakosea. Mwaka wa sita huu nina Noah langu, na kila nikipita Mombo lazima mtu anipungie mkono akidhani napakia. Safari moja nilisimama kununua maji, mzee mmoja akafungua mlango, akakaa, akauliza Korogwe ni shilingi ngapi. Nikampeleka.

Sasa mnataka niamue kati ya Toyota Noah unayoitaka wewe na Subaru Forester ya turbo anayoitaka shemeji. Ugomvi wa ndani ya nyumba siuingii. Nitakwambia tu ningefanyaje ningekuwa na watu ulio nao wewe, maana mwenzio gari la kwanza nililipenda kwa rangi.

Kabla ya yote andika majina kwenye karatasi. Wewe, shemeji, watoto watatu, mama mkwe, dada wa kazi. Hao saba. Forester ina mikanda mitano. Kwa hiyo kila mkienda Lushoto kwa wakwe, wawili watapakatwa, na wa kupakatwa siku zote ni wale wadogo. Muuzaji atawahesabia mifuko ya hewa inayofyatuka wakati wa ajali hadi mchoke, lakini mtoto asiye na mkanda mfuko huo haumfai kitu, na akiwa amepakatwa kiti cha mbele unaweza hata kumuumiza.

Hili silisemi kwa kusoma. Lile gari letu la kwanza lilikuwa la viti vitano na sisi tulikuwa sita. Tumepita Segera, mbuzi wakakatiza, Baba Tumaini akakanyaga breki. Tumaini alikuwa amelala mapajani mwangu. Nilidhani nimemshika, shoga. Alinichomoka kama sabuni, akapiga kidevu kwenye dashibodi, nyuzi nne na jino. Na hapo hatukugonga kitu, ilikuwa breki tu! Mbuzi wote walivuka salama.

Ndiyo maana nikahamia Noah, lenye viti vya kututosha wote. Lakini usiseme "Noah" ukaishia hapo, kwa sababu ziko za aina aina. Ile SR40 ya zamani injini iko chini ya viti vya mbele na pua yake ni fupi, yaani mkigonga kitu, kati ya magoti ya shemeji na hicho kitu hakuna nafasi ya maana. Hiyo iacheni hata kama bei inashawishi. Iliyotoka 2001 injini ilihamia mbele, ila nyingi zina D4, injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na mafundi wengi ninaowajua wakisikia D4 wanashusha pumzi kwanza. Mimi ningetafuta umbo lililotoka 2007 hadi 2014. Hiyo ina injini ya sisi (cc) 1,986, kwa hiyo haivuki mstari wa sisi 2,000 ambapo ushuru wa bidhaa unapanda. Umri wa gari nao unaongeza ushuru wa uchakavu. Msikubali hesabu ya dalali, ingieni kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, mjionee wenyewe.

Mkilipata, usikimbilie kuangalia redio. Kaa kila kiti, vuta kila mkanda. Kuna viti vya katikati vina mkanda wa kiunoni tu, hapo akae mtu mzima. Ingiza vidole kati ya kikalio na egemeo utafute vyuma viwili vya ISOFIX, kiti cha mtoto wako mdogo kitashika hapo bila kuchezacheza. Visipokuwepo, kiti cha kufungwa kwa mkanda wa kawaida bado kinafaa, mradi mkanda uupitishe panapotakiwa na uukaze. Na kile cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma usikiweke kamwe mbele penye mfuko wa hewa.

Kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa za ABS (ya breki) na SRS (ya mifuko ya hewa) lazima ziwake, halafu zizime. Ikibaki imewaka kuna hitilafu. Lakini isipowaka kabisa, ogopa zaidi. Hili langu taa ya SRS haikuwaka, nami kwa ushamba nikaona ni dalili nzuri. Miezi minane baadaye fundi akafungua usukani, akakuta mfuko ulishafyatuka zamani, ndani mna sponji na gundi. Taa walikuwa wameikatia waya. Yadi niliyonunua siitaji jina, ila mfuko mpya ulinila ada ya muhula mzima.

Na hata ukiwepo, uliza kama ni ule wa kampuni ya Takata uliorudishwa kiwandani kwa mamilioni ya magari duniani. Kemikali yake ya kufyatulia huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, halafu siku ya ajali inapasua kopo la chuma na kuwarushia vipande. Sasa fikiria hapo kwenu Tanga ilivyo na joto na unyevu. Namba ya chesisi mnaiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji, mnapata jibu.

Matairi pia. Pembeni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yangu yalikuwa yanang'aa kama viatu vya harusi, yameandikwa 0912. Wiki ya 9 ya mwaka 2012, na mimi nilinunua 2019.

Nije kwenye hoja ya shemeji, maana hoja anayo. Noah yenye watu saba ikipanda Mombo kwenda Lushoto inalia. Kuna kona unakanyaga mafuta na gari linakujibu baada ya kufikiri. Barabara ya Chalinze hadi Segera nayo ina malori, na ukitoka kulipita lori na gari zito unaomba dua zote. Mvua ikinyesha huko milimani, Forester inashika tope kwa magurudumu yote manne, wakati Noah nyingi zinavutwa na ya mbele tu, na tumbo lake liko chini. Juu ya hapo Noah ni refu kwenda juu, kwenye kona linayumba. Mizigo usipandishe juu ya paa, utaliongezea kuyumba.

Lakini muulize hiyo turbo ataitumia wapi, maana vibao vya 50 viko kila kijiji na tochi zinamsubiri. Gari likitoka 80 kwenda 100, nguvu ya kugonga inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na kabla mguu haujafika kwenye breki, kwa sekunde moja tu limeshakula mita 28. Na turbo haitaki oili ya kubahatisha. Hapo Tanga mna fundi wangapi wa Subaru unaoweza kuwaamini? Wa Toyota wako hadi chini ya miembe.

Kushuka Lushoto ndiko kunakonitisha kuliko kupanda. Shemeji ashuke kwa gia ndogo, asikalie breki mpaka zinuke. Hilo nalo mwambie kwa upole, unamjua.

Akishikilia Forester, sawa, ni gari zuri na mimi nitalipanda. Ila basi dada na mama mkwe wawe wanakwenda na basi, na taarifa hiyo mama mkwe apewe na mwanawe mwenyewe, wewe usiwepo.

Mkija Dar mwezi ujao nitampa funguo shemeji aendeshe hadi Kibaha na kurudi, watoto wote ndani. Na mkipita Lushoto kabla ya hapo, nibebeeni mapeasi.

Mwenzio,
Mama Tumaini