Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: kabla ya saini, someni mwaka 1965

Mheshimiwa Waziri,

Wakubwa wameanza tena kuvutana, na kila mmoja anabisha hodi Dodoma na rasimu yake mkononi. Tunaomba wasaidizi wako wafungue upya suala la Ujerumani mbili, ya Magharibi na ya Mashariki. Lilitufundisha kwa gharama.

Ujerumani ilitoka katika vita vya 1939 hadi 1945 ikiwa vipande. Kuanzia 1955 Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, ilishika kanuni ya Hallstein: ukiitambua Ujerumani Mashariki, uhusiano umekwisha. Yugoslavia ilikatwa 1957, Kuba 1963.

Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema 1964, mara baada ya Mapinduzi, ubalozi ukafunguliwa Unguja. Aprili 26 ukaja Muungano, na mambo ya nje yakawa ya Muungano. Hapo uzi ukanasa. Warusi na Wachina walishushwa kuwa na ubalozi mdogo Unguja bila taabu, kwa kuwa ubalozi kamili walikuwa nao Dar es Salaam. Wajerumani Mashariki hawakuwa nao. Kuwapa Dar ni kuiudhi Bonn. Kuwafukuza Unguja ni kumuudhi Karume, aliyekuwa akitegemea msaada wao wa nyumba.

Februari 1965 Mwalimu Nyerere akapita katikati: ubalozi wa Unguja ufungwe, wapewe ubalozi mdogo Dar bila kutambuliwa. Cairo, yaani Misri, ilishafanya hivyohivyo na Bonn ikavumilia. Hesabu ilikuwa nzuri, ila mwezi ulikuwa mbaya. Ulbricht, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, alikuwa anakaribishwa Cairo wakati uleule, na Bonn ikataka pa kuonyeshea meno. Ikawaondoa wakufunzi wake waliokuwa wakifundisha kikosi chetu cha anga na cha ulinzi wa pwani. Mwalimu akawaambia wachukue na misaada mingine yote ya serikali yao.

Tazama kilichokatika. Mwalimu wa urubani, ndege na vipuri vilitoka mfuko mmoja. Mfuko ulipofungwa, mafunzo yakaishia njiani hadi Kanada ilipoyachukua. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache walijitangazia uhuru, uamuzi tunaouheshimu hadi leo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaenda nao. Hata mkopo wa China wa reli ya TAZARA, usio na riba, ulikuja na kamba yake: sehemu ya gharama za ndani ilipatikana kwa kuuza bidhaa za China madukani, tuzitake tusizitake.

Basi kila rasimu ya ulinzi, bandari au mawasiliano iulizwe kwanza: nani mwingine ataudhika, na ana sheria gani ya kutuadhibu? Kifungu cha kuvunja mkataba kitaje miezi ya taarifa, kiseme walioanza kozi wataimaliza, na vipuri vilivyo ghalani ni vyetu. Mkufunzi na vipuri visitoke nchi moja. Tarehe ya kutangaza nayo ichaguliwe baada ya kuangalia ziara na chaguzi za wenzetu. 1965 tuliponzwa na kalenda ya Cairo.

Na jalada la 1964 na 1965 lisomwe Chuo cha Diplomasia Kurasini, karatasi kwa karatasi, kuanzia ubalozi ule mmoja wa Unguja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wafuatiliaji wa historia ya diplomasia, Dar es Salaam